Maoni Yangu Kuhusu Ungo wa Ndahani

Mniulize mimi niliyemshikia ngazi
Ndahani alipopanda batini na ungo wake,
misumari mdomoni, risiti ya duka la Makole mfukoni.
Mama mkwe, Sechelela, akatoka jikoni na mwiko:
"Ungo gani huo usiopepeta?"
Mwanawe akacheka huko juu.
Mimi nikanyamaza.
Mkwe hajibiwi na aliyeshika ngazi.

Lakini ulipepeta.
Jioni ya kwanza tu ulitutenga kama uwele na makapi:
Ndahani na majirani wa mpira, kochi lote lao,
Nyemo na tamthilia yake ya watu wanaolia ndani ya magari ya kifahari,
na mimi mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje,
mlenda ukifurika jikoni bila mkorogaji.

Maoni ninayo. Nani hana?
Naona rimoti imekaa mahali pa kopo la chumvi,
na hakuna aliyeuliza chumvi imehamia wapi,
labda kwa kuwa kisima chetu cha Hombolo kinatosha kutia chumvi uji.
Naona simu ya mume wangu inamjali:
kila akitoka mahali inamuuliza, je, ulifurahia?
Mimi miaka kumi na saba sijamuuliza.
Hilo nimeliweka pembeni, nitalirudia.

Naona wale wa tamthilia hawafui.
Nimewatazama miezi mitano, mguu mmoja ndani:
mtu anasalitiwa, anapigwa risasi, anafufuka, anagundua ana pacha,
lakini hakuna siku shuka limeanikwa,
hakuna upepo wa Julai
kulinyakua na kulitundika kwenye miiba ya jirani,
ukaenda kuliomba kwa heshima
na shamba la zabibu lote linakutazama.
Nani anaishi hivyo?

Na yule kijana wa hali ya hewa, mwenye tai,
anapitisha kiganja juu ya Dodoma kama anafuta vumbi mezani,
anasema, mawingu kiasi,
kisha huyo, ameshafika pwani.
Kiasi!
Goti la kushoto la mama mkwe halivai tai
na huwa linajua mvua siku mbili kabla.
(Mwaka juzi lilikosea. Hatulisemi.)

Basi ikaja Desemba, na goti likasema,
na mchana mvua ikapiga mpaka bati likatuziba masikio.
Usiku ndio ilikuwa sehemu ya mwisho.
Bibi harusi yuko mlangoni pa kanisa,
pacha mmoja kushoto, pacha mwingine kulia,
Nyemo haoni, hasikii, amekumbatia mto,
mara kumbikumbi wa kwanza akatua kwenye pua ya bibi harusi.
Wa pili kwenye shela.
Halafu kanisa zima, waalikwa, maua, padri,
vyote vikawa mabawa.

"Beseni!" alipiga kelele mama mkwe.
Sijawahi kuona goti likikimbia vile.
Tukatoka sote, hata wa mpira,
maji kwenye beseni, taa ya baraza juu yake,
na umeme, kama kawaida yake, ukachagua dakika hiyo.

Giza. Harufu ya udongo uliokunywa.
Ndipo Ndahani akatoa simu, akawasha tochi,
akachutama juu ya beseni kama anamwogesha mtoto,
nao wakashuka, wakashuka,
wakamwingia kolani, masikioni,
akicheka kicheko nilichokisahau.
Nikamuuliza, "Unafurahia?"
Akasema, "Shika hapa, mkono umekufa ganzi."
Nikashika.

Asubuhi mama mkwe alipepeta mabawa kwa ungo wake, ule wa kweli,
yakaruka hadi juu ya bati, yakajaa kwenye ungo wa mwanawe.
Hakusema neno. Aliinua nyusi tu.

Umeme ulirudi siku ya tatu.
Mpaka leo hatujui ni pacha yupi alioa.
Nyemo anasema yule wa kushoto.
Mimi naona hakuolewa na yeyote.
Aliangalia juu, akaona wingu,
akakimbia kuanua nguo.